Kina kifupi sio uwanja wa mazoezi

Ukitafuta sehemu ya kwenda kuzamia na mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza, popote pale duniani, maneno utakayokutana nayo ni yaleyale: kina kifupi, maji yametulia, eneo ni hifadhi, panafaa kwa wanaoanza. Yamekaa pamoja hayo maneno mpaka watu wanayasoma kama kitu kimoja na hakuna anayejiuliza. Mi naona shida inaanzia hapohapo. Kina kifupi sawa, hifadhi sawa, wanaoanza nao lazima waanzie mahali, lakini ukivichanganya vyote vitatu unapata kitu cha ajabu kweli, yaani ile sehemu ya bahari inayovunjika kirahisi kuliko zote, ambayo tumekubaliana kabisa kwamba ilindwe, ndiyo tunayowapelekea watu ambao bado hawajui kukaa sawa ndani ya maji.

Na huwa inatetewa kwa hoja inayoonekana haina ubishi: kina kifupi ni rahisi. Mtu anaona juu, anaona mwanga, akitaka kutoka anatoka, hofu inapungua. Kwa upande wa hofu ni kweli. Kwa upande wa kuelea, yaani kukaa katikati ya maji bila kuzama wala kuibuka, ni kinyume kabisa, na kuelea ndiyo kazi yenyewe ya mzamiaji, hayo mengine ni mapambo.

Hesabu yake sio ngumu. Juu ya maji presha ni bar 1. Ukishuka mita 10 ni bar 2, mita 20 bar 3, mita 30 bar 4. Kila mita 10 inaongeza bar moja tu, ila bar moja ukiiongeza juu ya moja umezidisha mara mbili, ukiiongeza juu ya tatu umeongeza theluthi. Hewa iliyomo kwenye jaketi la kuelea, na vile viputo vidogovidogo vilivyomo kwenye raba ya wetsuti (ile nguo ya kuzamia), vinatanuka na kusinyaa kufuata hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu akipanda kutoka mita 30 hadi 27, hewa yake inatanuka kama asilimia 8, anaweza asishtuke hata kidogo. Akipanda mita tatu zilezile kutoka mita 6 hadi 3 inatanuka kama asilimia 23. Huku juu ndiko kila kosa dogo linakua haraka, na huku juu ndiko tunampeleka mtu ambaye jana yake alikuwa hajui hata valvu ya kutolea hewa iko bega gani.

Mwangalie mtu kama huyo kwa dakika kumi tu utaona kila kitu. Amefungwa kiunoni mkanda wa risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kumsaidia ashuke, na mkanda umezidi, mara nyingi sana huwa umezidi, kwa sababu mtungi unavyoisha unakuwa mwepesi: mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka bar 200 una karibu kilo tatu za hewa ndani yake, mteja akimaliza akiwa na bar 50 ameshapunguza kilo mbili na kidogo, basi instrakta ambaye hataki usumbufu wa kumvuta mtu anayeibukaibuka mwishoni anamuongezea vipande viwili vya risasi tangu mwanzo na maisha yanaendelea. Sasa yule mtu amekuwa mzito. Ili asizame inabidi ajaze hewa nyingi kwenye jaketi, na hewa nyingi ndiyo ile inayotanuka asilimia 23. Risasi inamvuta kiuno chini, jaketi linamnyanyua kifua juu, mwili unasimama kama mtu anayepanda ngazi, na miguu yenye fini ndefu, yale mapezi ya raba ya kuogelea, inaning'inia chini kabisa, mahali ambapo haioni. Anapiga teke ili asogee mbele, lakini kwa jinsi alivyosimama teke linamsukuma juu, akiona anapanda anatoa hewa, anashuka kama jiwe, anaogopa, anapiga teke lingine kwa nguvu, na safari hii fini imegonga kitu. Hajasikia. Ukiwa na raba ya nusu mita mbele ya vidole vyako husikii tawi la matumbawe likikatika, na aliyeko nyuma yako anaona vumbi la mchanga tu.

Halafu kuna mawimbi. Kwenye mita 20 wimbi la kawaida la juu hulisikii sana, kwenye mita 3 linakubeba mbele na kukurudisha nyuma, mtu mzoefu anajiachia na kujua lini ametulia, asiyezoea anatafuta cha kushika. Na cha kushika kipo palepale, kimemea.

Nimesema kina kifupi ni rahisi kwa upande wa hofu, hata hilo nalo lina mkia. Jeraha baya kuliko yote kwa mzamiaji, la mapafu kupasuka kwa sababu amebana pumzi huku anapanda, halihitaji kina kirefu. Hewa ya mtungi ikivutwa mapafu yakajaa, mtu akabana pumzi akaibuka hata kutoka kina kisichozidi urefu wake mwenyewe, inatosha kumdhuru, kwa sababu ileile ya presha. Wakufunzi wanaijua hii, ndio maana kanuni ya kwanza ya kozi yoyote ni usibane pumzi kamwe. Ila kwenye matangazo utaambiwa kina kifupi ni salama, nukta.

Tuje kwa matumbawe yenyewe, maana kuna watu mpaka leo wanadhani ni mawe. Lile jiwe ni mifupa tu, chokaa. Kiumbe mwenyewe ni ngozi nyembamba sana iliyotandazwa juu ya hiyo chokaa, na ndani ya ngozi hiyo wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Ndio maana miamba mingi ya matumbawe inajaa kwenye kina kifupi, ni kwa ajili ya jua. Ukiweka kidole, hata kwa upole, hata kama hujavunja kitu, umeibana ile ngozi kati ya kidole chako na chokaa yenye makali, umeichana. Kidonda hicho kinaweza kupona, kinaweza pia kuwa mlango wa ugonjwa. Kuna utafiti ulifanyika Koh Tao, Thailand, ukachapishwa 2014, wakalinganisha sehemu zinazozamiwa sana na zinazozamiwa kidogo, wakakuta magonjwa ya matumbawe kwenye zile zenye watu wengi ni mara tatu. Hapo hatuzungumzii matawi yaliyovunjika, tunazungumzia ugonjwa, kitu ambacho mgeni akipita juu yake na kamera hata hajui kama anakiona.

Na kukua kwenyewe ni polepole. Yale ya matawi, ambayo ndiyo yanayopendeza kwenye picha na ndiyo yanayokatika kirahisi, yanayokua haraka yanaweza kufika sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo kama majabali, aina ya Porites, ni kama sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo ukikuta moja lina mita mbili kwenda juu, lina miaka kama mia mbili, lilianza zamani kabla kuzamia na mtungi hakujawa jambo la kawaida, na watu wanasimama juu yake kurekebisha maski.

Mpaka hapo mtu atasema sawa, lakini si ni hifadhi, si palindwe? Sasa hapa kwenye neno hifadhi ndipo tunapojidanganya zaidi. Kulinda kunafanya kazi, mimi sibishi. Cabo Pulmo kule Mexico wameifanya hifadhi mwaka 1995, wanakijiji wenyewe wakiwa mstari wa mbele, na kati ya 1999 na 2009 wingi wa samaki kwa uzito uliongezeka asilimia 463. Hiyo ni kazi. Ukiacha kuvua, samaki wanarudi, pono wanarudi wanakwangua mwani kwenye miamba, matumbawe machanga yanapata pa kushika, chewa wakubwa wanaacha kukimbia watu. Ila angalia kinachofuata. Samaki wakirudi, habari zinasambaa, picha zinasambaa, na mahali palipofaulu kulindwa dhidi ya ndoano na nyavu panakuwa ndipo pa kwanza kila mtu anataka kuzamia. Sheria iliandikwa kumzuia anayetoa kitu baharini. Anayeingia na tiketi hatoi kitu, anaangalia tu, basi sheria haina cha kumwambia zaidi ya usiguse.

Ukitaka kuona ubaya wake mweke pembeni mvuvi wa mshipi ambaye babu zake walivua palepale. Amefukuzwa, na pengine ilibidi afukuzwe, sawa. Lakini yeye akiangusha mshipi mmoja ndani ya mpaka anakamatwa, wakati boti ya wageni inashusha watu kumi na wawili juu ya mwamba uleule, wanakanyaga, wanapiga mateke, wanapandisha mchanga unaofunika matumbawe, na jioni wanaagwa kwa tabasamu. Mvuvi anaona yote hayo akiwa kwenye ngalawa yake, halafu tunashangaa kwa nini watu wa pwani nyingi duniani wanaichukia hifadhi. Mi ningekuwa yeye ningeuliza swali moja tu, hii bahari imehifadhiwa kwa ajili ya matumbawe au kwa ajili ya wageni?

Jibu la kawaida la wenye kampuni ni kwamba wateja wanapewa maelekezo kabla ya kuingia majini. Ni kweli wanapewa. Swali ni kama yanasaidia, na hili halihitaji kukisia kwa sababu lilishapimwa. Kule St Lucia, kisiwa cha Karibi, utafiti uliochapishwa 2004 uliwafuata wazamiaji chini ya maji ukahesabu wanavyogusa miamba, na ikaonekana kuingiza sentensi moja ya usiguse kwenye maelekezo ya kawaida hakukubadilisha chochote. Kilichobadilisha ni kiongozi wa msafara akimuona mtu anagusa anamfuata palepale na kumrekebisha. Huko Ras Mohammed, Misri, miaka ya tisini, wengine walijaribu njia ndefu, maelezo ya kama dakika 45 yenye picha na kuonyeshwa kwa vitendo ndani ya maji, na kugusa kukashuka kutoka mara 1.4 hadi 0.4 kwa kila dakika saba za kumuangalia mtu mmoja. Yaani maneno yanafanya kazi yakiwa mengi na yakiambatana na vitendo, na usimamizi unafanya kazi ukiwa karibu. Sasa niambie ni boti gani ya asubuhi yenye wageni wanane na kiongozi mmoja inayoweza kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kiongozi anaogelea mbele, anatafuta kasa wa kuwaonyesha, na kila akigeuka nyuma anahesabu vichwa na kuuliza hewa iliyobaki kwenye mitungi, hana muda wa kuangalia fini za nani zimefanya nini. Na hata akiona, huyo ni mteja, mteja ana simu na ana nyota tano za kutoa au kutotoa.

Tusiwaonee wenye kampuni bure lakini, biashara yao inawasukuma hukohuko. Mwamba wa kina kifupi uko karibu na ufukwe, mafuta ya boti kidogo. Hewa inadumu: kwenye mita 5 presha ni bar 1.5, kwenye mita 30 ni bar 4, kwa hiyo mtungi uleule kwa pumzi zilezile unakaa zaidi ya mara mbili na nusu, mteja anafurahia saa nzima chini badala ya dakika ishirini na kitu. Habari ya kuhesabu dakika kwenye mashine ili naitrojeni isijikusanye mwilini kupita kiasi karibu haipo. Mtu wa kujaribu tu, asiye na cheti, haruhusiwi na mashirika makubwa ya mafunzo kupita mita 12, kwa hiyo lazima apelekwe kina kifupi, na watu wa kujaribu tu ndio wengi na ndio wanaolipa bila kuuliza. Ukijumlisha yote haya, kila sababu ya pesa inaelekeza wasiojua kuelea kwenye mwamba usiovumilia makosa, na kwa saa nyingi zaidi. Hakuna mtu mbaya hapo kati, ni mpangilio tu ulivyojipanga. Ni kama kumfundisha mtu kuendesha gari katikati ya soko la vyungu kwa sababu soko liko karibu na chuo na barabara yake imenyooka.

Hifadhi nyingi zikishtuka zinakimbilia kuweka idadi. Kuna namba maarufu iliyotoka kwenye tafiti za Bonaire, kisiwa cha Karibi, miaka ya tisini mwanzoni, kwamba sehemu moja ya kuzamia inaweza kuvumilia kama mizamio 4,000 hadi 6,000 kwa mwaka, ikipita hapo matumbawe yanaanza kuonyesha madhara. Namba hiyo imesaidia, bora namba kuliko hakuna. Ila mi siipendi inavyotumika, kwa sababu inahesabu kila mtu sawa, wakati watafiti waliowafuata wazamiaji kwenye Great Barrier Reef kule Australia walikuta wanaovunja ni wachache, wengi wanapita bila madhara ya maana, halafu wachache wanaharibu kwa ajili ya wote. Mtu mmoja mwenye risasi iliyozidi na kamera mpya anaweza kufanya uharibifu ambao watu ishirini wenye utulivu hawaufanyi kwa wiki. Ukipunguza idadi bila kuchuja, unachofanya ni kupandisha bei, na mwenye pesa sio lazima awe anajua kuelea, kwa kweli wakati mwingine ni kinyume.

Kuchuja kunawezekana, na sio ndoto, kuna sehemu wanafanya. Bonaire hiyohiyo, ambayo hifadhi yake ya bahari ilianza 1979, mgeni hata awe amezamia dunia nzima lazima ahudhurie maelezo kwanza, kisha mzamio wake wa kwanza ni wa kukaguliwa, arekebishe risasi yake na kujipima kuelea kabla hajaruhusiwa kwenda kwingine. Glavu marufuku, kwa sababu mtu asiye na glavu anafikiri mara mbili kabla ya kushika. Kutia nanga marufuku. Thailand mwaka 2025 wametoa sheria ninayoipenda kwa ujanja wake: kamera chini ya maji ni kwa mwenye cheti cha ngazi ya pili au aliyefikisha angalau mizamio 40. Hawajamfukuza mgeni, wamemnyang'anya tu kile kitu kinachomfanya asahau miguu yake iko wapi. Nani amewahi kumuona mtu anayeanza akipiga picha ya kitatange huku amekaa sawa? Anasogeza kamera mbele, mwili mzima unafuata, magoti yanatua.

Wengine wameenda mbali zaidi. Kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, ambacho mwamba wake umetengwa rasmi tangu 1994, wageni hawaruhusiwi kuzamia na mitungi kabisa, wanaelea juu na maski na snokeli, kile kibomba cha kupumulia, wakiongozwa na walinzi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi. Mwanzoni hii inaweza kukuudhi kama unapenda mitungi. Lakini fikiria: mwamba ambao wakati wa maji kupwa uko mita moja mbili chini yako, mtungi unakuongezea nini? Unaona kilekile, karibu vilevile, ila sasa una kilo kumi na kitu za chuma mgongoni na sababu ya kushuka mpaka ukigonge. Kwa miamba mifupi sana mi naona snokeli ndiyo teknolojia sahihi na mtungi ni kujionyesha. Ingawa snokeli nayo ina watu wake wanaosimama juu ya matumbawe kupumzika, hilo nakubali, ndio maana Chumbe wana mlinzi pembeni na sio bango.

Nikiwa hapo niseme kuhusu nanga, maana ndiyo mfano mzuri wa tatizo la miamba lililotatuliwa bila mahubiri. Zamani boti ziliangusha nanga juu ya matumbawe na mnyororo ukafagia kila kitu kilichouzunguka, na nahodha alijua, ila hakuwa na pa kufunga. Mwaka 1981 kule Key Largo, Florida, mwanabayolojia John Halas alitoboa mwamba, akachomeka chuma, akafunga boya, boti inafika inajifunga kwenye boya basi. Njia hiyo imesambaa duniani. Hakuna aliyebadilishwa moyo, wamewekewa mahali pa kufunga kamba. Jambo la waanzaji linataka akili ya namna hiyohiyo. Mtengee mtu anayejifunza sehemu yenye mchanga mtupu, kina kilekile kifupi, maji yaleyale yaliyotulia, aanguke magoti, apige mateke, apime risasi mpaka aweze kukaa nusu mita juu ya mchanga kwa dakika tano bila kutumia mikono, na akishaweza ndio aongozwe kwenda kwenye mwamba. Mchanga hauna picha nzuri, najua, ndio sababu hautangazwi. Kuna na bwawa la kuogelea pia, ambalo kozi nyingi zinalo kwenye ratiba na nyingi zinalipitia mbiombio ili mteja afike kwenye samaki siku ileile.

Kuna hoja moja kubwa inayoletwa kila ukigusa hili, na sio ya kijinga: bahari inachemka, wewe unahangaika na fini. Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kwamba dunia iko kwenye wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe, baada ya 1998, 2010 na lile refu la 2014 hadi 2017. Joto likizidi digrii moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto na likakaa wiki kadhaa, matumbawe yanawafukuza wale mwani wao, yanabaki meupe, na joto lisiposhuka mapema yanakufa. Mbele ya hilo teke la mgeni ni nini? Peke yake, kidogo sana. Lakini tumbawe lililopauka ni tumbawe lenye njaa, linaloishi kwa akiba, na kama lina vidonda na mchanga juu yake na ugonjwa umeingia, uwezekano wa kurudi ni mdogo. Halafu kuna suala la nani anaweza kufanya nini. Msimamizi wa hifadhi hawezi kuzima joto la dunia, ila anaweza kesho asubuhi kusema boti fulani haishushi waanzaji hapa, na miezi ya joto kali anaweza kufunga sehemu nzima matumbawe yapumue. Mtu akiniambia tusifanye dogo kwa sababu kubwa lipo, nahisi hataki kufanya lolote.

Tena tumeshaonyesha kwamba tunaweza kufanya madogo yakiwa hayatusumbui. Angalia krimu za jua. Palau walipiga marufuku zile zenye kemikali zinazodhaniwa kudhuru matumbawe kuanzia 2020, Hawaii wakazuia kuuzwa kwa aina mbili zake kuanzia 2021, na sasa kila duka linauza krimu yenye picha ya samaki. Sina ugomvi nayo, paka tu. Ila ni rahisi mno kununua chupa nyingine na kujiona umemaliza, kuliko kukubali kuambiwa mbele ya wenzako kwenye boti kwamba wewe bado hujui kuelea na leo utabaki kwenye mchanga.

Na hoja ya pili, ya kwamba watu hawapendi wasichokiona, wakizuiwa miamba haitakuwa na watetezi. Nimeisikia sana na nusu yake naikubali. Nusu nyingine inategemea ukweli kwamba anayezamia mara moja anatoka akiwa mtetezi, na kwa ninavyoona mimi anayezamia mara moja huku anahangaika kutozama anatoka na video, kumbukumbu yake kubwa ni maski iliyovuja. Aliyepata utulivu kwanza, aliyekaa kimya mbele ya jiwe moja dakika kumi akaona pono anavyotafuna chokaa na kuitoa mchanga, huyo ndiye atakayegombana na mtu kwa ajili ya mwamba. Kumchelewesha mtu siku moja mbili ili afike akiwa tayari sio kumnyima bahari.

Kinachobaki ni nani alipie huko kuchelewa, kwa sababu kampuni moja ikianza peke yake kuwaweka waanzaji kwenye mchanga, wateja watahamia ya jirani inayowapeleka moja kwa moja kwenye samaki. Kwa hiyo haiwezi kuwa hiari. Hifadhi ndiyo yenye mamlaka, ndiyo inayotoa vibali vya boti na ndiyo inayomiliki maboya, na kibali kinaweza kuandikwa kwamba mwamba wenye kina kisichofika mita kadhaa ni kwa waliokaguliwa, kwamba kiongozi mmoja asizidishe watu wanne, na kwamba boti ambayo viongozi wake wanaona mteja anakanyaga na hawamrekebishi inapoteza boya lake msimu huo. Mlinzi mmoja mwenye maski akipita mara mbili kwa wiki bila kutoa taarifa anatosha kujua nani anafuata na nani hafuati.